Maikrowevu Haipashi Kama Zamani? Anza na Lita Moja ya Maji

Swali hili halikomi, na huja karibu kwa maneno yaleyale: wali uliokuwa ukipata moto kwa dakika mbili sasa unataka nne, na bado katikati ni wa baridi. Je, maikrowevu huzeeka na kuishiwa nguvu?

Huzeeka, ndiyo. Lakini huzeeka polepole mno, na katika nyumba nyingi uzee si sababu ya kiporo kutoka baridi. Mara nyingi tatizo liko kwenye umeme, kwenye waya, kwenye uchafu, au kwenye kitufe ambacho mtoto alikibonyeza jana. Kwa hiyo kabla hujampigia fundi, na kabla hujaanza kuulizia bei ya nyingine, pima. Kupima hakuhitaji ufundi.

Kwanza, mashine yako ni ya wati ngapi?

Geuza maikrowevu utazame kibandiko cha nyuma, au fungua mlango usome ubavuni. Utakuta namba mbili, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya.

- Namba kubwa, kwa mfano wati 1,150, ni umeme ambao mashine inakula.
- Namba ndogo, kwa mfano wati 700, ni nguvu inayoingia kwenye chakula.

Kinachobaki hupotea kama joto ndani ya mashine yenyewe. Ndiyo maana kuna feni. Wauzaji hupenda kutaja namba kubwa. Kama uliuziwa "ya wati 1,200" na kibandiko kinasema 700, mashine haijapungua nguvu. Ilikuwa ya 700 tangu siku ya kwanza.

Andika ile namba ndogo, kisha endelea.

Kipimo cha maji

Unahitaji maji lita moja, jagi au bakuli jepesi la plastiki linaloruhusiwa kwenye maikrowevu, kipimajoto cha jikoni, na simu ya kuhesabia muda.

1. Hakikisha mashine imepoa. Kama imetoka kupasha kitu, iache nusu saa, kwa sababu ikiwa ya moto hutoa nguvu pungufu.
2. Pima lita moja kamili. Chupa ya maji ya dukani ya lita moja inatosha kuwa kipimo. Maji yawe ya ubaridi kiasi, chini kidogo ya joto la jikoni, yasiwe na barafu.
3. Koroga, pima joto, andika.
4. Weka katikati ya sahani ya kuzunguka, chagua nguvu ya juu kabisa, washa kwa dakika mbili. Hesabu kwa simu. Vile vitufe vya kuzungusha kwa mkono havisemi kweli kwenye muda mfupi.
5. Muda ukiisha toa mara moja, koroga tena, pima joto, andika.
6. Toa joto la mwanzo kwenye joto la mwisho, halafu zidisha jibu kwa 35. Umepata wati.

Tuseme maji yalikuwa nyuzi 24 yakafika nyuzi 43. Tofauti ni 19, na 19 mara 35 ni wati 665. Kwa mashine ya wati 700 hilo ni jibu zuri sana, maana chombo nacho kimekunywa joto kidogo, na kipimo cha jikoni hakiwezi kuwa sahihi kama cha maabara.

Kwa mashine ya wati 700, mimi husoma majibu hivi:

- Tofauti ya nyuzi 17 na kuendelea: mashine haina neno. Tafuta sababu kwingine.
- Nyuzi 14 hadi 16: kagua umeme na waya kwanza, kisha pima upya.
- Chini ya nyuzi 14: kuna tatizo la kweli.

Kama yako ni ya wati 900, tarajia tofauti ya karibu nyuzi 26 ikiwa mpya. Ya 1,000, nyuzi 28 au 29.

Makosa yanayoharibu kipimo ni machache lakini hujirudia. Bakuli zito la kioo au udongo hula joto ambalo ulitaka kulihesabu kwenye maji. Kusahau kukoroga hukupa joto la juu tu, si la maji yote. Kipimajoto cha homa hakifai kabisa, kwa sababu kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu, nyuzi 35 hadi 42 hivi. Na kipimajoto cha aina yoyote kisibaki ndani mashine ikiwaka.

Na asiye na kipimajoto?

Jaza maji kwenye kikombe, robo lita, weka na vipande vya barafu, koroga mpaka maji yawe baridi kweli, kisha toa barafu iliyobaki. Tumbukiza kijiti cha mbao, washa kwa nguvu ya juu, na hesabu muda mpaka maji yachemke sawasawa. Mashine ya wati 1,000 inapaswa kuchukua chini kidogo ya dakika mbili, ya 700 kati ya dakika mbili na nusu na tatu. Ikipita dakika nne, una haki ya kushuku.

Kijiti hicho si pambo. Maji yaliyotulia kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakalipuka usoni mwa anayeyagusa. Kijiti huyapa mahali pa kuanzia kuchemka.

Wakazi wa Nairobi, Arusha na miji mingine ya miinuko wajue kwamba kwao maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nairobi ni karibu nyuzi 95. Muda utakuwa mfupi kidogo kuliko wa Mombasa au Dar es Salaam. Usilinganishe na ndugu yako wa pwani, linganisha na mashine yako mwenyewe ya mwaka jana. Kwa hiyo andika jibu la leo kwenye kipande cha karatasi ukibandike nyuma ya mashine pamoja na tarehe.

Umeme mdogo, mshukiwa namba moja

Pima saa nane mchana. Pima tena saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha pasi, jiko, feni na televisheni. Kama mchana unapata wati 650 na usiku 450, mashine yako haina ugonjwa. Umeme unaoingia ndio mdogo.

Maikrowevu nyingi za bei ya kawaida zina transfoma nzito ya chuma ndani, inayopandisha umeme wa ukutani mpaka maelfu ya volti. Transfoma hiyo haina akili ya kufidia. Umeme ukishuka, joto hushuka nao, na mara nyingi hushuka kwa kasi zaidi. Balbu za kisasa za LED zinaweza kuendelea kung'aa kama kawaida kwenye volti 190, ndiyo maana watu husema "umeme upo sawa, taa zinawaka." Taa si kipimo. Muombe fundi umeme aje na mita yake saa za jioni, au nunua kijimita cha kuchomeka kwenye soketi.

Ukikuta umeme ni mdogo:

- Ripoti kwa shirika la umeme, hasa kama majirani wanalalamika pia.
- Usitumie ekstensheni. Ile nyembamba ya kuchajia simu, ndefu, iliyobebeshwa friji na birika, inapoteza volti njiani. Shika waya baada ya dakika tano. Ukiwa wa moto, joto lililopaswa kwenda kwenye wali limeishia hapo. Ni hatari ya moto pia.
- Tazama plagi na soketi. Weusi, harufu ya plastiki iliyoungua au plagi inayocheza ni dalili kwamba umeme haushiki vizuri.
- Ukinunua stabilaiza, isiwe ile ndogo ya televisheni. Mashine inayokula wati 1,150 inataka stabilaiza ya VA 2,000 au zaidi.

Wanaotumia sola nao wana lao. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yaliyokatwa-katwa, si laini kama wa gridi. Kwenye umeme huo maikrowevu huvuma kwa sauti nzito na hupasha pungufu, hata kama inveta ina wati za kutosha. Mashine ikipasha vizuri kwa umeme wa gridi na vibaya kwa sola, lawama iende kwa inveta.

Mambo mengine yanayojifanya uzee

Kitufe cha nguvu. Katika mashine za transfoma, "nusu ya nguvu" maana yake ni kwamba inawaka kwa nguvu zote sekunde kadhaa, kisha inajizima sekunde kadhaa, huku taa na sahani vikiendelea. Sikiliza: mngurumo utakuwa ukipanda na kushuka. Ukiusikia hivyo, angalia kwanza kama hujachagua nguvu ya kati au ya kuyeyusha barafu. Inatokea zaidi kuliko watu wanavyokubali.

Sahani isiyozunguka. Mawimbi hayasambai sawasawa ndani ya boksi. Kuna sehemu za moto na za baridi. Kiungo cha plastiki kilicho chini ya sahani kikivunjika, upande mmoja wa pilau utaunguza ulimi na mwingine utabaki vilevile. Kiungo hicho ni cha bei ndogo, na unakibadilisha mwenyewe bila kufungua chochote.

Kibati cha mika. Tazama ukuta wa ndani, kwa kawaida upande wa kulia: kuna kipande chepesi kama karatasi ngumu, cha rangi ya kijivu au hudhurungi. Hapo ndipo mawimbi yanapoingilia. Mafuta ya nyama yakirukia hapo kila siku bila kufutwa, yanakula mawimbi, yanaungua, na mwishowe yanatoa cheche. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kama kimetoboka au kina weusi wa kuungua, acha kutumia mashine mpaka kibadilishwe. Karatasi ya mika huuzwa, na hukatwa kwa mkasi kufuata saizi ya ile ya zamani.

Matundu ya hewa. Maikrowevu iliyosukumwa mpaka ukutani, juu yake pakawekwa mikate na kitambaa cha mapambo, inapika matumbo yake. Iachie nafasi ya sentimeta 10 nyuma na 20 au zaidi juu, au fuata kitabu chake kama kinasema zaidi. Mende nao hupenda joto la mle ndani. Ukiona kinyesi chao kwenye matundu, jua feni na saketi havipo salama.

Chakula chenyewe. Sahani mbili hazipati moto kwa muda wa sahani moja, na maharage yaliyotoka kwenye friza si sawa na yaliyokuwa mezani. Kabla ya kulaumu mashine, jiulize kama kiasi ni kilekile.

Sasa, uzee wenyewe

Kiungo kinachotengeneza mawimbi kinaitwa magnetroni. Ndani yake kuna waya unaopata moto na kutoa elektroni, na nje yake kuna sumaku mbili. Waya huo huchoka taratibu kwa kutumika, na sumaku hudhoofika zikipata joto kupita kiasi. Magnetroni ya kawaida hukadiriwa kufanya kazi takriban saa 2,000.

Piga hesabu. Familia inayopasha dakika 10 kwa siku inatumia saa 60 hivi kwa mwaka. Kwa mwendo huo kutu itaumaliza mlango kabla magnetroni haijachoka. Lakini mgahawa unaoiwasha saa tatu kila siku unapita saa 1,000 kwa mwaka, na mwenye mgahawa akiniambia mashine yake imechoka baada ya miaka miwili, simbishii.

Kwa hiyo umri wa mashine kwenye risiti hausemi kitu. Kinachoizeesha kabla ya wakati ni haya:

- Kuiwasha tupu. Mawimbi yakikosa chakula cha kuyapokea hurudi kwenye magnetroni na kuichemsha. Wenye watoto, wekeni kikombe cha maji ndani wakati haitumiki.
- Kuifululiza nusu saa na zaidi ilhali matundu yameziba.
- Kuiacha kwenye soketi wakati umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Chomoa.

Magnetroni iliyochoka ina tabia zake. Joto hupungua kidogo kidogo kwa miezi, kipimo cha maji kinakuwa kibaya mchana na usiku, na mara nyingi mashine hupasha vizuri dakika ya kwanza kisha hulegea. Ikiwa ilipasha vizuri jana na leo haipashi kabisa huku taa, feni na sahani vinafanya kazi, huo si uchovu. Kuna kitu kimekufa: dayodi, kapasita, swichi ya mlango, fyuzi ya ndani, au magnetroni yenyewe. Na ikipasha leo, ikagoma kesho, ikapasha keshokutwa, fundi aanze na vishikio vya waya kwenye magnetroni. Hulegea na kuungua.

"Ikidhoofika, mionzi inatoka nje?"

Hapana. Kupungua kwa joto hakumaanishi kwamba mawimbi yanavujia jikoni. Maana yake yanatengenezwa machache. Kinachozuia kuvuja ni mlango na boksi. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka mashine mpya isivujishe zaidi ya miliwati 1 kwa kila sentimeta ya mraba, ikipimwa sentimeta 5 kutoka kwenye mashine, na isizidi miliwati 5 katika maisha yake yote.

Kagua mlango: bawaba zilizolegea, kutu kwenye kingo, wavu wa kioo uliotoboka, mlango usiojifunga mpaka usukumwe. Ukikuta hata kimoja, acha kuitumia hata kama inapasha kama mpya. Ile mbinu ya kufungia simu ndani na kuipigia haipimi chochote cha maana. Simu kuita si ushahidi kwamba mashine inavuja.

Usiifungue

Najua kuna msomaji mwenye bisibisi mkononi tayari. Iweke chini. Ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa plagi. Pasi, feni na redio ukizichomoa umemaliza. Hii sivyo, na imeshaua watu, mafundi wakiwemo. Kusafisha ndani ya chumba cha chakula, kubadilisha kiungo cha sahani na kibati cha mika ni kazi yako. Ganda la nje likitolewa, ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Ukifika kwa fundi

Nenda na namba zako: wati za kibandiko, wati ulizopima mchana, ulizopima usiku. Fundi akijua umeshapima, mazungumzo hubadilika. Kisha:

- Muulize kifaa gani kimeharibika na amejuaje. "Imezeeka tu" si jibu.
- Ukiambiwa inajazwa gesi, chukua mashine yako uondoke. Maikrowevu haina gesi ya kujaza kama friji.
- Akibadilisha magnetroni, akukabidhi ile ya zamani uione. Usiruhusu mtu aipasue kuchukua sumaku. Pete za kauri za baadhi ya magnetroni, hasa za zamani, zina berili, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu.
- Kabla ya kulipa, rudia kipimo cha maji mbele yake.

Bei ya magnetroni na ufundi ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya ya ukubwa huohuo, mimi singetengeneza. Dayodi, fyuzi au swichi ya mlango ni vitu vidogo. Hivyo tengeneza bila kusita.

Ukiendelea kuitumia ikiwa dhaifu

Inawezekana, mradi uongeze muda na uache kukadiria kwa macho. Mashine ya 700 inayotoa 500 inataka karibu mara moja na nusu ya muda wa zamani. Funika chakula, simama katikati ya muda ukoroge, kiache dakika mbili kabla ya kula, na kitoe mvuke mpaka katikati. Kipimajoto kisome nyuzi 75 au zaidi. Kuku mbichi aliyeganda usimkabidhi mashine ya namna hiyo.

Wali uangaliwe zaidi. Ukikaa mezani tangu mchana hadi usiku, kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi, mashine iwe mpya au kongwe. Ukipoa tu, uingie kwenye friji.

Ukinunua ya mtumba

Maikrowevu zilizotumika ni nyingi Kariakoo, Darajani na kwingineko, na baadhi ni nzuri kuliko mpya za bei ya chini. Lakini soma kibandiko kabla ya kusoma bei. Iliyoandikwa volti 120 imetengenezwa kwa ajili ya Marekani, ya volti 100 ni ya Japani. Zote zinahitaji transfoma kubwa ya kushusha umeme, ambayo bei yake inakula faida yote. Tena zile za Hertz 60 tu transfoma zake hupata moto zaidi kwenye umeme wetu wa Hertz 50, na baadhi ya saa zake huchelewa: dakika 10 huwa 12. Ziache.

Kwa zile za volti 220 hadi 240, nenda dukani na chupa yako ya maji, jagi la plastiki na kipimajoto. Dakika mbili zinatosha. Muuzaji akikataa kuichomeka mbele yako, nenda duka la pili.